Kicheko cha Kuazima

Bwenini, 9 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Kifua chako nitakiulizia, ila kwanza nitoe jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu: kicheko ninachocheka siku hizi si changu. Nimekichukua kwa msichana wa darasani tunayemwita Malkia. Yeye hurusha kichwa nyuma, mdomo wazi, na darasa zima humgeukia.

Unajua sisi tunavyocheka. Ukikulia kwenye karakana ya magodoro unajifunza kufunga mdomo, la sivyo pamba inayoelea inakuingia kooni. Mabega yanatikisika, machozi yanatoka, sauti hamna. Nilipofika hapa waliniuliza kama nina kwikwi. Basi nikawa najificha kwenye chumba cha kuanikia, katikati ya mashuka mabichi yanayopumua kwa upepo, nikifanya mazoezi ya kicheko cha Malkia mpaka kikanikaa. Sasa nakaa benchi la Malkia na wenzake, la dirishani. Vitabu vyangu nasoma kwa kuiba, maana pale anayesoma huchekwa.

Kifua kinaendeleaje? Dawa unakunywa, au unamwambia tu daktari kwamba unakunywa?

Mwanao

Nyumbani, 24 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Kifua ni kilekile, tumeshazoeana. Dawa nakunywa, usinipeleleze.

Barua yako imenikuta nimeshajua. Jumapili moja kabla haijafika nilipiga simu shuleni kwenu. Nikasikia msichana anacheka karibu na simu, nikamwomba mwalimu wa zamu amnyamazishe kidogo, aniitie mwanangu. Akaniambia, "Mama, huyo anayecheka ndiye mwanao."

Nikakata simu. Wewe labda ulidhani laini imekatika. Haikukatika.

Sikukasirika, niliogopa. Nilikaa juu ya godoro ambalo halijashonwa, pamba ikishuka polepole kama isiyo na haraka ya kufika chini, nikajiuliza: siku akilia, nitamjua?

Sikuambii ufunge mdomo. Mdomo tulifunga kwa sababu ya kazi, na hapo shuleni hakuna pamba. Cheka upendavyo, hata kama punda. Ila usicheke kabla hujachekeshwa.

Shangazi yako

Bwenini, 28 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na uniwie radhi kwa kimya changu. Mwili ni mzima. Natumai na wewe unapumua vizuri.

Nilipoisoma barua yako niliacha kucheka kabisa, nikawa nasubiri. Siku zikapita kama naishi chini ya maji: naona midomo ikifunguka, maneno yanafika yamechoka. Hapo ndipo nilipogundua kwamba mengi yanayosemwa benchini hayajawahi kunichekesha hata kidogo. Malkia aliniuliza kama nimefiwa. Nikasema naumwa jino.

Jana mchana, bwaloni, alisimulia habari za msichana anayelala kitanda jirani na changu. Huyo huongea ndotoni, humwita mama yake. Malkia akamwigiza, macho amefumba, sauti nyembamba kama ya mtoto, na mwenyewe anayeigizwa yuko meza ya pili ameshika kijiko hewani. Benchi zima likaangua kicheko. Kisha wakanitazama mimi.

"Na wewe," Malkia akasema, "jino bado?"

"Jino halijawahi kuniuma," nikasema. "Sijaona cha kuchekesha."

Nusu ya bwalo ilisikia. Malkia akasema, "Haya, bibi mwalimu," nao wakacheka upya, safari hii wakinicheka mimi. Sitakudanganya kwamba haikuniuma. Nililipenda lile benchi, Shangazi. Asubuhi mwanga huingia pale kwanza, unatambaa juu ya mikono yetu, na mtu hujiona yumo ndani ya jambo fulani zuri. Bado nalitamani hata ninapoandika.

Nilichukua sahani yangu, nikaenda kukaa mkabala na yule msichana. Alisogeza kikombe chake kunipa nafasi. Nikamaliza kula, nikaosha sahani, nikarudi darasani kabla ya wengine. Nikahamisha vitabu vyangu kutoka dirishani nikavipeleka dawati la nyuma, nikafungua kimoja juu ya meza, nikasoma mpaka kengele ikalia.

Mwanao