Ubao wa Mwalimu Sifuri

8 Februari

Dada,

Kabla ya salamu, kuna jambo sijawahi kumwambia mtu. Lile swali la mwaka jana, siku niliposimama mbele ya darasa mpaka kengele ikalia na wote wakaanza kuniita Bubu, jibu lake nilikuwa nalo. Lilikuwa nane. Nilikuwa nalo kabla mwalimu hajamaliza kuandika swali. Lakini lilinijia kwa Kiswahili na Kiingereza kwa mpigo mmoja, maneno yakabanana kooni kama watu wawili wanene wanaogombea mlango, na hakuna aliyemwambia mwenzake "tangulia". Mama akaambiwa mtoto wake haelewi kitu, nafasi yangu shuleni ikaondoka, nikaletwa huku kwa mama mdogo. Nikaacha aamini, maana asiyeelewa anahurumiwa, lakini anayejua na hasemi, huyo wanamwitaje?

Haya, sasa hujambo? Mgongo wa Mama unasemaje na yale mashuka ya hospitali? Mimi sijambo. Mama mdogo naye hajambo, anachoma watoto sindano asubuhi, jioni anawapa peremende wamsamehe. Zahanati yake ina vyumba viwili na mlango usiofunga. Shule ina madarasa manne. Halafu ni mchanga, Dada. Mchanga mpaka macho yanachoka. Unatembea saa nzima, na nyayo pekee unazokutana nazo ni zako za jana.

Wiki ya pili nilitoka alfajiri nikamwona mtu amesimama juu ya maji. Sitanii. Alikuwa mbali, mweusi, wima, anakuja ufukweni bila kupiga hatua, na nyuma yake bahari imeinuka kama ukuta unaotembea. Nilishindwa kukimbia. Alipofika kwenye maji ya magoti akashuka, akaweka kwapani ubao mrefu kama mlango, na nani kumbe? Mwalimu wetu wa hesabu! Mama wa miaka hamsini na kitu, mkavu kama chaki. Wanafunzi wanamwita Sifuri: hagawi kwa sifuri, anagawa sifuri.

"Umeona?" akaniuliza.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Unataka?"

Nikaitikia tena.

"Njoo kesho. Kule ndani hakuna anayekuuliza swali."

Nimeshakwenda siku kumi na sita. Jana nilianguka mara tisa, ya kumi nikasimama kwenye ubao mbele ya mwalimu wa hesabu. Nilihesabu: sekunde tatu. Darasani nilisimamishwa na mwalimu. Jana nilisimamishwa na bahari, na tofauti yake sijaipatia maneno katika lugha yoyote kati ya hizi mbili.

Mama asijue. Unamjua, hajawahi kuiona bahari, na maji yakizidi beseni anayaita kaburi. Alisema nisiingie kupita kifundo. Mama mdogo anajua kila kitu. Anasema, "Mimi ni nesi. Kifundo kiko cha mguu na kiko cha mkono. Dada yangu hakutaja kipi."

Mdogo wako


24 Februari

Mdogo wangu,

Sisi wazima, ila mimi nina kesi ya kukujibu, kwa hiyo keti kwanza.

Barua yako ilifika saa ya chai. Niko na Mama kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, mashine zinanguruma, Mama mikono imejaa sabuni. "Soma kwa sauti," akasema, "nisikie mwanangu." Nikatupa jicho mstari wa kwanza, nikaona hatari. Basi nikawa nachekecha kama mtu anayechekecha unga. Hili napitisha, hili nabakiza. Salamu zikapita. Peremende zikapita. Mchanga ukapita. Nilipofika "nilianguka mara tisa, ya kumi nikasimama kwenye ubao mbele ya mwalimu wa hesabu", nikaona hapo hapana bahari, nikaisoma yote.

Mama akatoa mikono kwenye maji.

"Rudia."

Nikarudia.

"Ubaoni? Mbele ya mwalimu? Mwanangu mimi?"

Ndipo nilipoelewa ameelewa nini. Nikafungua mdomo nimwambie ubao wenyewe si wa chaki. Lakini uso wake! Hujauona uso huo tangu tulipohama nyumba ile ya kuvuja. Alikuwa ameshamkamata mzee wa toroli kwa mkono wenye povu. "Ameanguka mara tisa! Maswali tisa amekosa, na la kumi akasimama tena! Wewe ungesimama?" Mzee wa toroli akasema yeye angekimbia la pili.

Nikafunga mdomo. Nilikosea, najua. Nikadhani furaha itakaa siku mbili ipoe.

Haikupoa. Alhamisi alivaa ile nguo ya kijani akaenda kwa mkuu wa shule yako ya zamani. Alikaa kwenye benchi nje ya ofisi tangu asubuhi mpaka saa nane. Amerudi na ahadi: tarehe 20 Aprili uje. Walimu watatu watakuandikia swali ubaoni, ulifanye huku ukieleza kwa sauti. Ukiweza, nafasi yako unarudishiwa. Usipoweza, anapewa mwingine, na mkuu alimwambia Mama mbele ya karani, "Mama, natumaini hutupotezei muda." Mama akamjibu, "Mwanangu sasa anasimama."

Sasa niambie nifanye nini. Nimwambie mimi, au utamwambia wewe?

Dada yako mwenye kosa


10 Machi

Dada,

Salamu zako zimefika, nyingine zimenikalia tumboni. Hii msomee Mama yote. Usichekeche hata nukta. Kama mashine zinapiga kelele, ngoja zizimwe.

Mama, shikamoo. Natumaini mgongo umekupa nafasi ya kukaa. Kaa.

Ubao niliosimama juu yake hauandikwi. Ni wa kulalia kifudifudi baharini, unapiga maji kwa mikono mpaka kule mawimbi yanakozaliwa, ukiliona lako linakuja unageuka, unapiga maji kwa nguvu zote, unasimama, na linakubeba. Kuanguka ni kuanguka majini. Nimeingia maji kupita kifundo, Mama. Yamenipita kichwa. Nimeyameza. Mwalimu hunifunga kamba mguuni ili ubao usinikimbie, na hatuendi bila yeye kuitazama bahari kwanza. Siku nyingine hutazama akasema hapana, tunarudi. Lakini nimeingia, na sikukuambia.

Kwenye ubao wa chaki hata huku sijasimama. Sifuri hajaniita. Tarehe 20 unaweza kunipeleka nikanyamaza tena, na mkuu akasema ulimpotezea muda. Ndiyo maana nakuambia sasa, usije ukasimama pale na wewe bila kujua.

Na la mwisho, ambalo Dada hakukusomea. Mwaka jana nilikuwa najua jibu. Siku zote nilikuwa najua.

Sikuandika hivi ili unikatie bahari wala ili uniachie. Nataka tu ujue ikoje. Ukiwa kule nyuma ya mawimbi unakuwa kimya, na kimya chenyewe hakimshangazi mtu. Nchi kavu inakuwa ufito mwembamba. Zahanati inatoshea chini ya ukucha. Halafu maji yanavuta pumzi chini yako, Mama, unayasikia tumboni, na kitu kikubwa kuliko hospitali yako yote na ghorofa zake kinainuka bila haraka. Kingeweza kukufuta. Hakikufuti. Kinakunyanyua tu, kama mtu anayemnyanyua mtoto aone vizuri. Mara ya kwanza nililia, na Sifuri akajifanya anarekebisha kamba.

Nisamehe.

Mwanao, mdogo wake Dada


24 Machi

Dada,

Hamjambo huko? Gari la dawa limekuja leo. Limeleta chanjo, pamba, na mzani mpya wa watoto. Nimemsaidia dereva kushusha kila boksi, nikatazama hadi chini ya kiti. Akaniambia, "Binti, kama kuna barua ningeificha ya nini?"

Sijaenda baharini siku tano. Sifuri hakuniuliza kitu. Jana alipita darasani akaniwekea daftari mezani, hakuna sifuri, hakuna alama yoyote. Ameandika tu: "Bahari ipo."

Niandikieni, hata matusi.

Mdogo wako


2 Aprili

Mdogo wangu,

Hii haikuja kwa posta. Imebebwa kwenye mkoba wa mtu unayemjua, na nimeibandika gundi kila pembe maana namjua pia.

Nilimsomea yote. Nilisubiri mashine zikazimwa, kama ulivyotaka. Tulikuwa tunakunja mashuka, yeye ncha zile, mimi ncha hizi, kwa hiyo nilisoma, nikaweka barua chini, tukaendelea. Unajua kazi hiyo: mnatembea mnakutana katikati, mnatazamana, mnarudi. Tulikutana mara kumi na nne, yeye anatazama pindo tu. Nikajisemea, leo nafukuzwa nyumbani.

Shuka la kumi na tano akalishikilia.

"Alikuwa analijua?"

"Nini, Mama?"

"Jibu."

"Analijua, Mama. Nane."

Akakaa kwenye kapu la nguo chafu, yeye ambaye hatuachii hata tuliegemee. "Mwaka mzima nalala nikijua nimezaa mtoto asiyeelewa," akasema. "Kumbe nimezaa mtoto asiyesikika. Na mimi ndiye niliye karibu."

Bahari hakuitaja kabisa. Nilidhani imempita. Siku tisa nikawa naanza barua nachana, maana ningeandika nini? Juzi usiku nikamsikia anamuuliza jirani kama watu hutapika baharini hata wakiwa wamesimama nchi kavu. Asubuhi akaomba likizo ya siku kumi. Hajaomba likizo tangu uzaliwe.

Anakuja kukuchukua au kukutazama, sijui. Nimemuuliza, akaniambia nishike ncha zangu.

Dada yako


7 Aprili

Dada,

Sisi sote wazima, na nakuandikia haraka maana kuna mtu anaweza kuamka, kama hajaamka.

Alishuka kwenye gari la dawa kati ya maboksi, nguo ya kijani, mkoba kifuani. Alinishika kidevu akanigeuza huku na huku kama anatafuta doa. Kisha akasikia ule mngurumo akauliza, "Mashine gani hiyo?" Mama mdogo akacheka. Tukampeleka.

Alipofika juu ya tuta la mchanga alisimama. Akavua viatu, sijui kwa nini, kama mtu anayeingia chumba cha watu. Akatazama kushoto mpaka mwisho, hakuna mwisho. Kulia vilevile. Wimbi kubwa likavunjika na weupe wote ule ukaja ukatandazwa mpaka karibu na miguu yake.

"Povu lote hili," akasema taratibu. "Nani anasuuza?"

Alikaa pale mpaka jua likazama, na tulipomwita chakula alisema tangulieni.

Kesho yake Sifuri akatazama maji, akasema twende. Nilipita mbele ya Mama na ubao kichwani. Nilianguka mara mbili. La tatu lilikuja kubwa, nikalisikia tumboni, nikageuka, nikasimama, na safari hii sikuhesabu sekunde. Nilimwona yeye. Alikuwa doa la kijani, likawa mtu, likawa Mama, mikono kichwani, mdomo wazi, ndani ya maji mpaka magotini na hajui kama ameingia.

Nilidhani atapiga kelele. Alisema, "Nieleze."

"Nini?"

"Hicho. Kinakujaje? Unajuaje ndicho? Kwa nini hukuchukua kile cha kwanza?"

Nikaokota kijiti. Nikamchorea kwenye mchanga mbichi: mawimbi huja kwa makundi, unahesabu nafasi kati yake, pembe hii ukiikosa unapinduka, pembe hii linakubeba. Neno likikosekana kwa Kiswahili nilitumia la Kiingereza, la Kiingereza likigoma narudi, nikawa naenda na kurudi, yeye anasema "enhe" na "hapo sijaelewa, rudia". Mchoro ukafika mbali tukawa tunatembea nao. Nilipoinua kichwa Sifuri alikuwa amekaa juu ya ubao wake anasikiliza, na jua lilikuwa utosini. Dada, sijui niliongea muda gani. Sauti ilikuwa imenikauka.

Mama alitazama mchoro wote ule, akasema, "Tarehe 20 nikamwambie mkuu huji? Sema wewe. Nikisema mimi nitasema kwa woga wangu."

Nikamwambia nitakuja. Kwamba naweza kusimama pale nikanyamaza tena, na akubali kukaa kwenye benchi lile akijua hivyo. Lakini kama ataingia na yeye, akae nyuma, nikimtazama aseme "hapo sijaelewa", basi labda. Na likizo zote nirudi huku.

Akasema, "Kukaa nyuma naweza. Kutoelewa naweza zaidi."

Hiyo ilikuwa jana. Sasa ni alfajiri, niko kwenye meza ya dirishani, na kinachoendelea nje lazima nikuandikie kabla sijaanza kudhani nimeota. Mama ametoka. Amechukua ubao wangu ukutani, ameuburuta mpaka kwenye mchanga mkavu, mbali kabisa na maji. Amefunga sketi fundo. Amelala kifudifudi. Anapiga mchanga kwa mikono, Dada! Anapiga kwa nguvu zote. Sasa anajaribu kuinuka. Ameanguka. Ametazama kushoto na kulia kama kuna aliyemwona. Amelala tena.

Mara ya nne.

Mara ya tano, kwa makalio.

Amesimama. Magoti amekunja kama nilivyomchorea, mikono ameitandaza, ameielekea bahari. Yote inamjia. Hapepesuki. Mwanamke aliyetumia miaka yake yote akiinamia mashuka ya wagonjwa, wima juu ya ubao juu ya mchanga mkavu, na mimi nimekaa hapa nimeshika kalamu.

Ameshuka. Anaupangusa ubao kwa sketi, anaurudisha ukutani ulivyokuwa, hata pembe anairekebisha. Anakung'uta magoti. Anakuja. Nasikia nyayo zake kibarazani, naisukuma karatasi chini ya daftari la hesabu, na akiuliza nimeamka lini nitasema sasa hi—