Maneno ya Wimbo wa Pasi

Kiembeni, Mombasa
Jumatatu, baada ya alasiri

Mdogo wangu mpenzi Kafedha,

Assalaam alaykum. Natumai waraka huu utakukuta mzima, na lile goti lako limekubali kusujudu bila ya kiti. Mimi sijambo, alhamdulillahi, ila presha tu, nayo tumeshazoeana. Watoto na wajukuu wote wazima, wanakuamkia. Nimempa barua hii Sumeya, binti wa jirani yangu, anayerudi kazini huko Maskati, na nimemwapisha akutie mkononi mwenyewe. Ningeweza kukutumia sauti kwa simu, lakini simu yako huishika Hussam, na haya nataka uyasikie wewe kabla ya mwanao.

Hussam alinipigia wiki iliyopita. Alinisalimu kwa adabu zake zote, akaniita mama mkubwa mara nyingi kuliko haja, nami nikajua pana jambo. Akaniambia kwamba umetubia uimbaji, na kwamba kila bibi harusi akichezewa sauti yako huku Mombasa, dhambi inaandikwa kwako. Kwa hivyo mjukuu wangu Ikhlas aziondoe mtandaoni nyimbo zote alizozitia, nami nizitoe santuri na kanda zilizo kabatini mwangu, atakuja mtu kuzichukua azitie moto. Nilimsikiliza hadi mwisho. Kisha akaongeza la kunituliza. Akasema hatupotezi kitu, maana hizo ni nyimbo za sinema tu, maneno ya Wahindi yaliyogeuzwa Kiswahili, na wenyewe wako kwao Bara Hindi wanazo.

Hapo nikakata simu. Najua alikwambia kwamba mtandao ulikuwa mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri sana.

Kafedha, toba yako siichezei. Mtu na Mola wake, sina neno la kutia katikati. Nami naswali, nafunga, na sitaki mtoto wa juzi anifundishe kuogopa kaburi ambalo liko karibu nami kuliko naye. Lakini hili la kuwa hatupotezi kitu limenikaa kooni, silimezi wala silitemi.

Hebu kumbuka tulivyokuwa tukifanya. Jumatano mchana, onyesho la wanawake, tunatoka Kisauni na mabuibui yetu tunavuka daraja kwenda kisiwani. Tukishaingia ndani, mimi natazama picha, wewe unajifunika uso na kuinamia magoti ili picha zisikuchanganye, unashika sauti peke yake. Wale wanawake wa nyuma wakidhani umekuja kulala, wakituteta kwamba tumeziba viti bure. Umeimba nyimbo za sinema miaka yote ile, ukaitwa malkia wa nyimbo za sinema, na sinema zenyewe hukuziona hata moja!

Na kurudi je? Ilikuwa marufuku kufungua mdomo mpaka nyumbani, usije ukaimwaga ile sauti njiani. Watu wanakusalimu, wewe unatikisa kichwa na kuguna wimbo puani. Siku ile jirani yetu, mama yake Munga, alipopita na kikapu chake hukumwamkia shikamoo, akaenda moja kwa moja kwa mama kushitaki kwamba wanawe wamekosa adabu. Tulichapwa sote wawili, wewe ukilia kwa sauti ya kinanda cha Kihindi. Bado nacheka nikikumbuka.

Tukifika, unaniuliza. Yule mwanamke wa sari nyeupe kando ya mto, alikuwa akilia nini? Nami nakueleza, kisha naketi natunga, na maneno yanaingia katika ile sauti kama mkono katika bangili. Wewe hukuwa na shaka nami. Ulinijua kwamba Kihindi nakifahamu, maana madukani nilikuwa nikiwajibu Wahindi wenyewe hadi wanacheka.

Sasa nikwambie. Kihindi changu kilikuwa cha kununulia vitambaa. Nilijua njoo, nenda, punguza, na maji. Yule mwanamke wa sari nyeupe alikuwa akilia nini, wallahi sijui hadi leo. Huenda alikuwa anamsifu ng'ombe wake. Sikutafsiri hata neno moja, Kafedha, si katika wimbo huo wala katika mwingine wowote. Maneno yote yalikuwa yangu.

Chukua huo wimbo wa pasi, unaopigwa katika harusi zote siku hizi, hata wa bara wanauimba wasiojua kuutamka. "Naipiga pasi kanzu, uivae kwa mwenzangu." Uliniuliza siku ile, Mhindi na kanzu wapi na wapi? Nikakujibu kwamba Wahindi nao wana kanzu zao, na ukatosheka. Mdogo wangu, ile kanzu ilikuwa ya shemeji yako Ahmad. Aliniambia ana safari ya kikazi Malindi, siku mbili. Mimi nilikuwa nimeshaambiwa na wanawake kisimani kwamba anaoa Utange. Nikatia makaa kwenye pasi, nikainyoosha ile kanzu mbele na nyuma, nikaikunja, nikamkabidhi. Sikumnunia kwa kuoa, sheria anayo. Kilichoniuma ni kuniacha niipige pasi nguo ya harusi yake kwa mkono wangu, akasimama mlangoni ananitazama, akasema ahsante.

Sikumwambia mama, maana angeniambia nisubiri. Sikukwambia wewe, maana ungekwenda Utange kupigana. Nilikwambia ni sinema.

Nawe ukaenda kuuimba. Wanawake wakalia Kisauni nzima, na mimi nimeketi katikati yao kwenye jamvi nalia, na hakuna aliyeniuliza nina nini, kila mtu akidhani nimeguswa na sauti yako. Siku moja wimbo umepigwa redioni, mimi naunga mchuzi, Ahmad amekaa kibarazani. Akaniita. Nikamwitikia, abee. Akaniambia niongeze sauti, wimbo huu mzuri sana. Nikaongeza. Aliuimba wimbo huo maisha yake yote, hata akinyoa ndevu, Mola amrehemu, na hakujua kwamba anayeimbwa ni yeye. Hiyo ndiyo haki yangu niliyoipata duniani, Kafedha, na niliipata kwa sauti yako. Nilikuwa naridhika nayo. Lakini sasa mwanao ananiambia niitie moto kwa kuwa ni mali ya Wahindi.

Sizitoi. Huyo mtu wa Hussam alikuja jana, nikampa chai na mahamri, akala akashiba, akaondoka mikono mitupu. Akija tena atapata chai tena. Na Ikhlas nimemwambia asiondoe hata wimbo mmoja, bali aandike chini ya jina lako kwamba maneno ni ya Barke binti Khatibu. Ameshaandika, na watu wameanza kuuliza. Wanangu wataujua wimbo huo ulitoka wapi. Mwenzangu wa Utange yu hai, huwa ananiletea mihogo, naye atajua. Na ajue. Nimekaa kimya zaidi ya miaka hamsini kwa ajili ya heshima ya mwanamume aliyeniambia ahsante.

Sikuombi radhi kwa kukudanganya, na naomba usinitake radhi wewe. Kama umetubu kwa moyo wako, Mola akupokelee, na nitakuombea katika kila swala. Lakini umetubia sauti, ambayo ni yako. Maneno ni yangu, na mimi sijayatubia. Hussam akiweza kuichomoa sauti yako humo akaniachia maneno, na aje, mlango wangu u wazi.

Nisalimie mkamwana na wajukuu. Hussam naye mwambie sina kinyongo, nampenda kama niliyemzaa. Ikhlas anakubusu mikono. Jitunze goti, usiliachie baridi ya hizo mashine zao za kupoza hewa, lifunike.

Ni mimi dada yako,
Barke binti Khatibu,
niliyeipiga pasi ile kanzu.