Fundi Saa Asiye na Jina

Kaka,

Barua yako imefika. Huku wazima, shangazi bado anagombana na goti lake, na bomba la jikoni limeacha kuvuja.

Unalalamika kwamba hadithi yangu imekuvua nguo mbele za watu. Nashangaa. Wewe ni wakili, yule wa hadithini ni fundi saa. Wewe una nywele, yeye nilimpa upara unaong'aa kama sahani. Jina hana. Nani basi kakuambia ni wewe?

Nilichochukua kwako nikamtia yeye mdomoni ni maneno mawili tu: "Nipo njiani." Ndiyo uliyomwambia mama kwenye simu siku tatu mfululizo, nami ndiye niliyemshikia simu, nikisikia mpira ukitangazwa sebuleni kwako. Mama akakataza mlango usifungwe. Alikufa macho yakiwa mlangoni.

Ulizoea kunicheka: "Hadithi ni uongo, haziui hata nzi." Basi muuza magazeti wa hapa mtaani aliisoma hiyo, akafunga kibanda saa nne asubuhi akaenda kumwona baba yake. Jirani yangu anaapa nimemwandika mumewe. Kila nyumba ina fundi saa wake, kaka, ila ni wewe peke yako uliyeniomba nimfute. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Unasema presha imekulaza, unataka nije upesi tuyamalize kabla hujafumba macho. Usijali. Waambie wasifunge mlango.

Nipo njiani.

Mdogo wako