Sifuri ya Mama

Kiamaiko, Nairobi
9 Novemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Ruqaiya,

Assalaam aleikum. Hujambo wewe, na huyo aliye tumboni? Miguu bado inavimba? Na shemeji, anakupikia, ama bado hata chai inamwungulia? Sisi wazima, alhamdulillahi. Mama mgongo unamsumbua, ila mdomo haujambo.

Simu ingetosha, najua. Lakini Sharmarke muuza vitambaa anakuja huko Salala Alhamisi, na Mama ametaka uishike karatasi yenyewe.

Basi, habari za tetekuwanga. Nimekukataza kuja tangu Julai, ukaninunia. Lakini sisi tulipougua utotoni wewe ulikuwa Lamu kwa Bibi, na daktari wako amepima akakuta huna kinga. Mimba mbili zimeshaharibika, mdogo wangu. Hii ya tatu sikuwa tayari kuichezea.

Unaijua kazi yangu ya afya ya jamii: kupiga hodi na kuandika. Kila mgonjwa namuuliza aliambukizwa na nani. Mwezi ule wa Julai, hapa kwenye ploti, mtoto mmoja alikuwa akiambukiza wenzake watatu. Agosti, mmoja akawa anaambukiza mmoja. Nilingojea hesabu ishuke chini ya hapo, maana wagonjwa kumi wakiambukiza watano, na watano wakaambukiza wawili, ugonjwa unajifia wenyewe.

Septemba ikawa sifuri ghafla. Kila mlango: "Hapa hakuna mgonjwa, dada." Nilifurahi kama mwehu! Nikakuandikia ujumbe, "Njoo," ila kabla sijautuma nikapita kwa Mama nimpe habari.

Nikamkuta Nuha, binti wa kaka Zubair, amevalishwa sweta na hijabu ndani ya nyumba, saa saba mchana, jua la kupasua kichwa. Anajikuna, na akifumbua kinywa kunisalimu naona kipele ulimini. Mama anasema ni mbu. Mbu gani hao, wallahi, wa kung'ata hadi ulimini? Nikampandisha mkono wa sweta: malengelenge matupu.

Kumbe ploti nzima walikula njama. Hata Muhonja wa mlango wa pili alificha wawili wake. Walijua sifuri ndiyo itakayokuleta, wakanipa sifuri. Na Mama, aliyetulea kwa "mficha maradhi kilio humfichua"! Nilifoka, Mungu anisamehe. Nilipomweleza kwamba maradhi haya yangeweza kumdhuru mjukuu wake tumboni, alikaa chini akalia. Alidhani nakuepusha na kujikuna tu.

Tangu siku ile yeye ndiye anayepiga hodi. Watoto wakimwona uani wanapandisha mikono ya mashati wenyewe, kabla hajasema neno. Mimi nimebaki karani wake.

Mgonjwa wa mwisho alipona tarehe 27 Septemba. Ugonjwa huu hujificha mwilini hadi siku ishirini na moja, kwa hiyo tukahesabu muda huo mara mbili. Jana zimetimia siku arobaini na mbili. Hakuna hata kipele. Nawe una miezi sita, ndege bado zitakupokea.

Nisalimie shemeji. Muhonja anakusalimu, ingawa anaona haya. Nuha anauliza utamletea nini. Mwenyezi Mungu akufikishe salama, wewe na amana uliyoibeba.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukininunia,
Mwanasiti

Nimesahau: ukurasa wa hesabu nimeuweka humu bahashani. Chini ya ile sifuri ya mwisho Mama ameandika kwa mkono wake, kwa herufi za Kiarabu alizofunzwa chuoni: "Hii ni ya kweli. Njoo, mwanangu."