Mchumba wa Binti Yangu Kaniletea Maua ya Maiti

Mpendwa mshauri, naomba msaada maana kichwa changu kimevurugika kabisa. Mimi ni Yanina, mjane wa mji mdogo karibu na Navahrudak, mume wangu Ryhor nilimzika mwaka jana majani yalipokuwa yanapukutika, na baada ya Pasaka binti yetu wa pekee, Alesya, akamleta mchumba wake Duarte, Mreno, ambaye alikuwa hajawahi kukanyaga nchi yetu, nami tangu asubuhi nakaanga chapati za viazi, kengele inalia, nafungua, kijana yuko nje ananinyooshea mkono juu ya kizingiti, jambo ambalo hata mtoto anajua linaleta ugomvi, na mkono wa pili kashika maua, nikayahesabu kwa macho, kumi, shufwa, na kwetu maua ya shufwa ni ya maiti, aliye hai hupewa witiri, mshauri, naletewa mimi niliye msibani, na jirani yangu Hanna aliyekuwa anachungulia ngazini akapaza sauti, "Yanina, huyo kaja kuoa au kuzika?" nikamfungia kijana mlango usoni.

Alesya, aliyepanda ngazi nyuma yake, akalia nje ya mlango, "Mama, kwao hawahesabu maua!" nikamjibu, "Basi nenda huko wasikohesabu." Wakaenda kukaa hotelini.

Siku ya kuzuru makaburi nikaenda na mayai yangu ya Pasaka, yale tunayowawekea wafu wetu, nikawakuta wamenitangulia kwa Ryhor, na kijana kaweka maua tisa, witiri, pale ambapo sisi sote tunaweka shufwa, nikapandwa na hasira, nikasema, "Wewe mtoto, hesabu hujui au unanichezea?" naye akajibu kwa Kibelarusi cha kubabaisha, "Najua, mama, Alesya kanifundisha. Lakini sikuja kwa marehemu. Nimekuja kumwomba baba binti yake, na anayeombwa ni mtu aliye hai." Nikageuka nikaondoka na mayai yangu mkononi, na mpaka leo sielewi, je, kanitukana, ni mjinga, au kamheshimu mume wangu kuliko mimi mwenyewe? Wanasafiri Jumapili. Nifanye nini?

*

Dada Yanina, pole kwa msiba. Sasa nisikilize bila kunikatiza.

Mila tumezinyonya kwa mama zetu. Huyo kijana kanyonya nyingine. Maua yakiwa kumi, unachomoa moja, unalitia kwenye glasi jikoni, mambo yamekwisha. Wewe ukachagua kumfukuza mgeni na chapati ziko mezani! Mila gani yetu inaruhusu hilo? Na Hanna, tangu lini akawa mshenga wenu?

Hapo kaburini hakukutukana. Mila alishaijua, akaipinda makusudi ili amweleze baba mtu shida yake. Unasema huelewi. Mimi naona ulielewa vizuri mno, ndiyo maana ukakimbia. Kinachokuuma si hesabu ya maua, dada. Umezika mume, na sasa binti anafunga mizigo. Hilo lingeuma hata kama kijana angekuja na witiri.

Mpigie Alesya simu leo, si kesho, umwambie wazi, "Mwanangu, naogopa kubaki peke yangu." Usimtupie kijana lawama. Wakija, usisalimiane naye kizingitini. Mvute ndani kwanza, avue viatu, umpe ndara, umkalishe anapokaa mwanamume wa nyumba hiyo, umjazie sahani. Halafu unyamaze, umpe nafasi ya kusema. Baba ameshaombwa. Mama bado, kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa.