Kimea Kabatini

Jumatatu, 4 Machi

Wameniletea uji tena. Si uji ule, ni gundi ya kubandikia matangazo. Maziwa, siagi, yai limevurugwa humohumo, sukari ya kutosha harusi nzima. Juu umeganda ngozi. Ngozi ile ikinigusa mdomo wa juu, mwili wote unanisisimka. Mkwe wangu, mke wa mwanangu, husimama mlangoni, kitambaa begani, akingoja nimeze. Najifanya nimemeza. Akigeuka, natema kwenye leso.

Hana ubaya hata chembe. Ndilo tatizo. Angekuwa na ubaya ningekwisha kumwambia.

Tangu mwanangu anihamishie kwake, kila ninachokula kinanukia maziwa na sabuni. Mimi nataka uji wa kwetu tu – mwepesi, mchachu, unaokwaruza koo na kukutoa machozi. Daktari amekataza. Eti kwa vidonda vyangu vya tumbo, kitu kichachu ni sumu. Mwanangu akaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi wa dawati la mbele. Na uji huohuo ndio uliomkuza!

Kufa nitakufa, sina ugomvi na hilo. Lakini kufa na siagi mdomoni? Hapana.

Jumatano, 6 Machi

Mdogo wangu kaja kunijulia hali. Kaniletea unga wa kimea, kaufunga ndani ya soksi ya mjukuu wake, soksi kaitia mkobani chini ya miwani. Akaniambia nikikamatwa nisimtaje. Tumecheka hadi nikashikwa na kikohozi, mkwe akaja mbio na maji.

Nimefundisha kemia maisha yangu yote, kuchachusha uji hakunishindi. Nusu ya uji wa asubuhi nimeumimina kwenye chupa ya chai, nikatia kimea konzi moja, nikatikisa, nikaivika chupa sweta na kuificha kabatini nyuma ya kanga. Kutoka kitandani hadi kabati nimepumzika njiani. Nilikuwa nikiutupia mlango jicho kama mwizi. Na ndivyo nilivyo – mwizi wa uji wangu mwenyewe.

Ijumaa, 8 Machi

Chumba kinanuka.

Si uchachu. Uchachu naujua, una ukali safi. Huu ni uvundo. Maziwa na yai! Mwalimu mzima wa kemia, nimeozesha yai nikalivika na sweta. Nimefungua kifuniko: povu la kijivu, mabonge yanavutika kama kamasi.

Nimeonja. Hapa sina wa kumficha, nimeonja. Chini kabisa ya uozo palikuwa na uchachu – kidogo mno, kama mtu anayekuita kutoka nyumba ya tatu. Nikafunga. Sikumwaga. Msalani siendi ila kwa kushikwa mkono, ningemwaga wapi?

Baadaye mkwe kaingia, kasimama, kanusa. Akabadilisha shuka ambazo zilikuwa kavu. Akaniogesha kwa mara ya pili leo, taratibu, akipitisha kitambaa hadi kwenye mikunjo ya ngozi.

Nami nikamwacha aamini kuwa ni mimi.

Jumamosi, 9 Machi

Jana jioni mwanangu kaja kuniamkia, kaziba pua kwa kiganja. Alidhani simwoni. Kisha nikamsikia jikoni akimwambia mkewe kwamba mama yake anaozea kitandani. Mkewe akasema ameniogesha asubuhi na alasiri. Akaambiwa anadanganya.

Leo zimekuja nepi. Za watu wazima, zinachakarisha kama mfuko wa nailoni. Nimevikwa. Mimi! Mkwe alikuwa akitazama dirishani huku akinifunga, ili nisione aibu.

Kinyaa changu si nepi. Kinyaa ni kwamba nilipima, palepale nikiwa nimenyanyuliwa miguu: nikisema kweli, chupa itachukuliwa na kimea pia. Nikanyamaza. Kwa ajili ya chupa ya uozo, nikamwacha mtoto wa watu abebe fedheha. Naungama huku kwenye karatasi kwa sababu karatasi hainitazami usoni. Mwoga hata wa kutubu.

Jumapili, 10 Machi

Binti yangu mkubwa kafika na sauti yake. Mwanangu ameita kikao, na ajenda ni harufu.

Kabla hawajaketi, mkwe kaja kunivalisha kanga safi. Kavuta kanga kabatini, sweta ikafuata, na chupa ndani yake. Nilitaka ardhi inimeze. Kafungua. Nikaona koo lake likipanda na kushuka, akijizuia asitapike miguuni pangu. Akaiona na soksi, akachovya kidole kwenye unga, akaonja. Akatoka na chupa bila kuniangalia.

Nikajua basi, kaenda kunianika.

Akarudi na chupa imeoshwa, ina moto. Akaketi ukingoni mwa kitanda. Huwa haketi.

“Mama, uji huu ni maji na unga tu. Kimea tia mwenyewe, mimi kipimo chake sikijui.”

Nikamwambia aende nayo sebuleni, awaonyeshe, yaishe.

“Wakiiona wataimwaga. Acha uchachuke kwanza, kesho unywe.”

Akanivua ile nepi, akanifunga kanga, akaenda kuketi mbele yao.

Sasa nawasikia. Binti yangu anasema mgonjwa si gunia la mkaa, huwezi kumwegemeza ukutani ukaenda zako. Anamuuliza wifi yake kama ulimi kauacha sokoni. Mwanangu anasema mkewe arudi kwao, akafundwe upya, na asafiri leo hii. Mwanamke huyu hajitetei hata kwa kikohozi!

Kimea nimekwisha kutia. Chupa iko mapajani, nimeikumbatia kwa mikono miwili, kalamu naitumia kwa shida. Uji hautakuwa tayari kabla ya kesho. Yeye anaondoka leo. Neno moja tu kutoka kitandani hapa linatosha.

Kitu kimeburutwa ukumbini. Begi.

Nimefungua mdomo nimwite mwanangu. Umejaa mate ya uji wa kesho. Nameza kwanza –