Karatasi Yako Bado Iko Ukutani

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo, na goti lako nalo shikamoo, maana nasikia siku hizi ndilo linaloamua nani aende wapi hapo nyumbani. Mama hajambo? Mwambie ile sweta imefika, na safari hii mikono ni mirefu kama yangu ya kweli. Mimi mwili hauna neno. Nakula, nafanya kazi, sina homa. Kutulia tu ndiko kumenishinda, lakini hiyo si habari kwako wewe uliyenipa jina.

Barua hii nimeianza mara nyingi. Niliianza ofisini, nikahamia kwenye benchi la karakana, sasa niko chumbani kwangu na nimeshaosha kikombe ambacho hakikuwa kichafu. Ningekupigia simu, ila wewe kwenye simu humkata mtu maneno kabla hajafika nusu, kisha unamwambia alichotaka kusema. Barua huwezi kuikatiza. Dereva anapita huko kesho asubuhi na ameniambia bahasha iwe imefungwa kabla hajawasha gari, kwa sababu hatanisubiri hata nikimbembeleza.

Nianze na ya kazini. Mkurugenzi amemleta mwanamke mmoja wa kutusaidia kuboresha utendaji wetu. Wafadhili waliuliza kwa nini mtu akiomba kiti cha magurudumu msimu huu anakipata msimu mwingine, na mkurugenzi, badala ya kuwajibu, akamwita huyo mama. Ni mfupi, mpole, anaweka miwani kichwani halafu anaitafuta mezani. Kazi yake ni kuuliza kwa nini. Ukimjibu, anauliza kwa nini tena, na hapo wala hajaanza kuchoka. Siku ya kwanza alimuuliza fundi kwa nini viti vilivyo tayari vinanyeshewa uwani. Fundi akasema vinasubiri fomu. Akaulizwa kwa nini fomu hazijafika, na kwa nini ziko huko ziliko, na kwa nini zilipelekwa huko kwanza, mpaka fundi akasema kwamba mwisho wa kwa nini anaujua Mungu peke yake. Tangu hapo tunamwita Mama Kwa Nini. Jina limemfikia na analipenda.

Alitugawia karatasi za njano, akasema kila mtu aandike kazi anayoifanya kwa mikono yake mwenyewe, si ile anayodhani mwenzake anaifanya. Tukazibandika kwenye ukuta wa chumba cha mikutano kwa kufuata njia anayopita mwombaji, tangu anapoingia getini mpaka anapokalia kiti chake. Kisha akatupa nyekundu, tubandike kila mahali ambapo mwombaji anasubiri. Tulipokaa kuutazama, ukuta ulikuwa mwekundu. Dereva akauliza kama hii ni ofisi au kituo cha kungojea, na mkurugenzi alicheka, ila kwa kuchelewa kidogo.

Sheria yake kubwa ilikuwa moja. Hakuna kugusa karatasi ya mwenzako. Anayeifanya kazi ndiye peke yake anayeruhusiwa kuihamisha au kuibandua. Alisema mtu akibanduliwa hushika silaha, lakini akibandua mwenyewe huanza kufikiri. Mtunza ghala ndiye aliyetangulia. Alikuwa akihesabu magongo yote kila asubuhi kabla ya kumfungulia mtu yeyote, na alipoulizwa kwa nini, akakumbuka kwamba alianza siku kufuli lilipoharibika. Kufuli jipya tunalo tangu zamani. Akaibandua karatasi yake, na raha ikamzidi hadi akataka kuibandua na ya fundi, tukamshika.

Kisha ikafika zamu ya mkurugenzi. Karatasi yake ilisema kutia sahihi ya mwisho. Mama Kwa Nini alimuuliza huwa anatazama nini kabla ya kusaini. Akakohoa, akasema hutazama kama sahihi yako wewe dada, ya kwamba mwombaji ametembelewa, ipo. Akaulizwa kama amewahi kuikataa fomu yenye sahihi yako. Akasema hajawahi. Basi akaulizwa sahihi yake inaongeza kitu gani, na hapo akaomba tupumzike. Siku iliyofuata tulikuta karatasi yake haipo ukutani, naye amekaa anakunywa chai kama mtu aliyevua viatu vilivyokuwa vikimbana.

Hapo ndipo macho ya wote yalipohamia kwako, dada.

Karatasi yako niliiandika mimi kwa kuwa ndimi ninayekushikia nafasi. Niliandika: kumtembelea mwombaji nyumbani, kuthibitisha kwamba kweli hawezi kutembea. Pembeni yake nyekundu zilikuwa nyingi, ikabidi zipandane. Sina haja ya kukueleza kazi hiyo ilianzaje. Mtu mmoja alituchezea, akachukua kiti na kukiuza, nawe ukaapa kwamba haitatokea tena maadamu uko hapa. Umetembea nyumba hadi nyumba, mvua na jua, milima na mabonde, mpaka goti likakwambia basi. Na hukumpendelea mtu. Shangazi alipotaka fremu ya kutembelea bila kufuata foleni, ulimwambia asubiri zamu yake kama watu wengine, na tuliishi mwaka mzima bila salamu zake.

Mama Kwa Nini akanigeukia mimi. Aliuliza, katika wote uliowatembelea, ni wangapi uliowakuta wanadanganya. Nikasema nitakuuliza. Nilijua jibu. Wewe mwenyewe ulishaniambia, huku unacheka, kwamba watu hudanganya umri, hudanganya idadi ya watoto, lakini miguu hawaidanganyi. Sikutaka kuyasema maneno yako mbele ya watu nawe hupo.

Halafu akauliza, kwa upole wake ule ule, kwamba tangu ulipoondoka, ziara zinaendaje. Nikasimama. Nikaenda dirishani, nikarudi, nikaenda tena, mpaka mkurugenzi akaniomba nikae. Nikawaambia ukweli. Tangu siku ulipotoka hospitali sijamtembelea mtu hata mmoja. Mwombaji akija, namtazama, nazungumza naye, natia sahihi pale panaposema ametembelewa, na fundi anampimia kiti siku ile ile. Fundi akafumbua mdomo. Alikuwa akijiuliza kwa nini viti vya uwani vinapungua, akadhani ni maombi ya mkewe yamejibiwa.

Mkurugenzi alikasirika, na alikuwa na haki. Mama Kwa Nini hakunitetea wala hakunigombeza. Alisema tu kwamba ofisini hatutaujua ukweli, kwa hiyo mimi na dereva twende kwa kila mtu niliyempitisha, tukaone kwa macho. Dada, sijawahi kwenda kazini roho mkononi namna ile. Kila mlango tuliobisha niliona sura yako.

Mdanganyifu tulimpata, mmoja. Ni mwenye duka, amekalia kiti chetu nyuma ya meza yake kwa sababu kinateleza vizuri kutoka rafu hadi rafu. Alipotuona alisimama wima kutusalimia, ndipo akakumbuka kwamba miguu haifanyi kazi. Alitusaidia kukipakia garini bila neno. Huyo ungemkamata, nakubali, na nilimwambia mkurugenzi hivyo hivyo. Waliobaki wote walikuwa wakweli. Kuna mama mmoja ambaye alikuwa akimbeba mwanawe mgongoni, na mwana mwenyewe ni mtu mzima. Tulimkuta peke yake anaanika nguo. Mwana hayupo, akasema, tangu apate kiti hakai nyumbani, hata chakula mpaka aitwe kwa kelele. Nilipomuuliza kama ana lalamiko, akasema hana. Kisha akauliza, bila ukali wowote, kwamba ule wakati wote tulipomwambia asubiri kutembelewa, tulikuwa tunataka kuja kuona nini. Dereva aliangalia chini. Mimi nilijisingizia kukagua matairi.

Na matairi yenyewe yalikuwa yamekwisha, dada. Nyumba nyingi tulikuta hivyo: tairi limeisha, breki imelegea, mto umechanika unamchuna mtu. Hakuna karatasi ukutani inayosema ni nani anayekwenda kuwaona watu baada ya kupata kiti. Nilitaka kuiandika nikaacha, kwa sababu mwenye kazi ndiye anayeandika, na ninayemfikiria mimi bado yuko nyumbani na goti lake.

Tuliporudi na majibu, mkurugenzi aliinuka akanyoosha mkono kuibandua karatasi yako. Mama Kwa Nini akamshika shati kwa nyuma. Si yako, akamwambia. Akanitazama na mimi, akasema wala si yangu, hata kama mwandiko ni wangu. Basi iko pale hadi leo. Nyingine zimehamishwa, nyingine zimeondoka, nyekundu zimepungua hadi rangi ya ukuta imeanza kuonekana, na ya kwako iko katikati peke yake. Watu wanaingia, wanakaa, wanaongea mengine, lakini macho yanairudia.

Nilimfuata mkurugenzi kando nikamuuliza ukirudi utafanya kazi gani. Akasema tutaona. Na tutaona yake unaijua. Mama Kwa Nini aliahidi siku ya kwanza kwamba hakuna atakayekosa kazi kwa sababu ya kusema ukweli mbele ya ukuta ule, lakini yeye anaondoka mwisho wa mwezi na tutaona inabaki. Hilo ndilo linaloninyima utulivu. Kazi hii ulinipa wewe. Ulimwambia mkurugenzi kwamba nikishindwa kukaa mahali pamoja wewe ndiye utakayejibu. Umenilea, umenifundisha hata huo mwandiko, na sasa mwandiko huo ndio unaoweza kukutoa kwenye kiti chako.

Hayo yote dereva angeweza kukusimulia, tena kwa mbwembwe. Lipo moja ambalo lazima ulisikie kwangu.

Magongo unayotembelea sikuyanunua.

Siku hospitali ilipokuruhusu na ukaambiwa huwezi kutoka bila magongo, nilikwambia nakwenda dukani. Nilikwenda ghalani kwetu. Mtunza ghala aliuliza ni ya nani, nikamtaja wewe, naye hakuomba fomu. Alisema ni ya dada yetu, nani asiyemjua. Alichagua mwenyewe, akayafuta vumbi, akakisia urefu wako kwenye bega lake, na fundi akaacha kazi yake akaweka mipira mipya chini. Hakuna aliyekuja kukuthibitisha. Hakuna aliyekwambia usubiri. Chai yangu niliyoiacha mezani ilikuwa bado ya moto nilipofika getini nikiwa nimeyakumbatia.

Na pale getini, dada, alikuwepo yule mama. Mwanawe mgongoni, miguu ya mwana inakaribia kugusa ardhi. Alinisalimia kwa heshima, akauliza kama nyumba yake imekaribia kufikiwa katika zile za kutembelewa. Nilikuwa na magongo yako kwapani. Nilitaka kumwambia avute subira, nikayatazama magongo. Nikageuka naye, nikaitia sahihi fomu yake nimeiegemeza ukutani, nikamwita fundi. Baada ya hapo sikuweza kumwambia mtu mwingine yeyote asubiri. Kwa hiyo hayo mabadiliko wanayoyasifia hayakuanzia kwenye karatasi za njano. Yalianzia kwenye goti lako.

Nilikudanganya kwa sababu ungeyakataa, ukatoka hospitalini unarukaruka kwa mguu mmoja mbele ya Mama. Najua utakasirika. Kasirika, nastahili. Ila linaloniuma zaidi ni hili, na nalisema waziwazi: goti lako limekwisha kwa kutembea kwenda kuthibitisha miguu ya watu waliokuwa wanasema kweli. Na hakuna kati yetu aliyewapenda watu wale kama wewe. Yote mawili ni kweli, na mimi nimeshindwa kuyakalisha pamoja.

Jumatatu dereva atakuja kukuchukua, nimeshamwomba. Njoo usimame mbele ya ule ukuta mwenyewe. Ukiona karatasi ibaki, Mama Kwa Nini atakuuliza kwa nini, na ukimjibu atauliza tena, nami nitakuwa nimesimama kando yako, bila kwenda dirishani. Ukiona iondoke, basi iondoke kwa mkono wako. Karatasi tupu za njano ziko kwenye dirisha, upande wa kushoto.

Msalimie sana Mama, mwambie nitakuja mwisho wa mwezi na nitakaa siku nzima, akitaka anifunge kamba. Msalimie na shangazi, lakini habari ya magongo usimwambie mpaka nipate pa kujificha.

Na najua utakachotaka kufanya ukishuka garini. Utataka kwenda moja kwa moja ghalani kuyarudisha, kisha usimame kwenye foleni kama watu wengine. Nimeshamwambia mtunza ghala asiyapokee mpaka goti lipone.

Mdogo wako akupendaye,

Kiguu-na-Njia